Lukresia, mdunga sindano wa matofali Karatu, na digrii iliyogoma

Saa moja na robo asubuhi ukungu bado umelala juu ya Karatu, na Lukresia Margwe hataki kusemeshwa.

Amesimama mbele ya meza ndani ya ghala la zamani la ngano, kajifunga kanga mbili juu ya sweta. Mkono wa kushoto umeshika saa ya kubonyeza, ile wanayotumia walimu wa michezo. Mkono wa kulia umeshika penseli. Mezani kuna tofali moja la kuchoma. Limedungwa sindano ya chuma ndefu kama kiganja cha mtu mzima, na kwenye sindano zinatoka nyaya nne: mbili zinakwenda kwenye betri ya gari, mbili kwenye mita yenye mshale.

Anabonyeza saa na swichi kwa pamoja.

"Kumi," anasema kwa sauti ya chini, anaandika. "Ishirini." Anaandika. "Thelathini."

Mlangoni, mlinzi wa ghala, mzee Lembris, anataka kukohoa. Lukresia hageuki. Anamnyooshea penseli tu, na mzee anaziba mdomo kwa shuka lake.

Dakika kumi zinapita hivyo. Kisha mama anazima swichi na kushusha pumzi.

"Haya mzee, kohoa sasa. Kohoa mpaka uchoke."

"Kimeshaondoka, Yeyo," anajibu Lembris, akimwita mama kwa Kimaasai. "Umekitisha."

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Siku sita kwa wiki, mwaka wa pili sasa, mama huyu wa watoto wanne kutoka Endamarariek anayapasha matofali moto na kuandika yanavyopata joto. Hayauzi. Hajengi nayo. Analipwa shilingi ishirini na saba kwa siku kutazama mshale unavyopanda, na anatembea karibu saa mbili kuja, saa mbili kurudi.

Ukiona kazi hiyo haieleweki, hauko peke yako.

"Mama mkwe wangu aliniuliza, hilo tofali halikuchomwa kwenye tanuru? Nikamwambia lilichomwa. Akasema, sasa unalichoma tena la nini?" anasimulia Lukresia. "Sikuwa na jibu. Miezi mitatu ya kwanza mimi mwenyewe nilikuwa sina jibu. Nilikuwa naandika tu."

Jibu liko juu milimani. Huko Nainokanoka, ambako asubuhi za mwezi wa saba majani yanakuwa meupe kwa baridi, inatakiwa ijengwe nyumba ya akina mama kujifungulia. Watoto wachanga na baridi ya kule hawapatani. Mradi wa majengo unaomwajiri Lukresia umepewa swali moja: ukuta wa nyumba hiyo ujengwe kwa kitu gani ili joto la ndani lisitoroke?

Vitu vinavyoshindanishwa ni vitatu. Kuna tofali la kuchoma la Endamarariek. Kuna tofali la udongo mbichi. Na kuna jiwe la kijivu, jepesi, lenye vitundu, linalopatikana hukohuko juu.

"Njia ya kawaida ni kupasha ukuta upande mmoja na kungoja siku nzima mpaka joto litulie," anasema Eliamini Mmari, fundi mpimaji aliyezaliwa Machame, anayesimamia kazi hiyo na kufika Karatu kila Jumanne na Ijumaa kwa Landrova. "Sisi hatuna umeme wa siku nzima. Tuna betri. Kwa hiyo hatungoji litulie. Tunalipasha tofali kwa dakika kumi, tunaangalia joto la sindano linavyopanda njiani."

Namba za Lukresia zinahamishiwa kwenye karatasi maalumu. Mistari yake inaanza mbalimbali halafu inazidi kubanana, kama mtu aliyeanza kulima kwa hatua ndefu akachoka. Ukiweka nukta zako humo, zinatakiwa zijipange kwenye mstari mmoja ulionyooka. Mwinuko wa mstari huo ndio unaosema tofali linapitisha joto kiasi gani.

Hapo ndipo Lukresia alipopotea kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilifikiri tofali ambalo sindano yake inapanda polepole ndilo zuri, kwa kuwa ni pole," anasema na kucheka. "Kumbe hilo linakunywa joto na kulipeleka nje. Lile ambalo sindano inapanda haraka, maana yake tofali linakataa kulichukua joto, linaiachia sindano yenyewe. Hilo ndilo la kulala nalo kwenye baridi. Miezi mitatu nilikuwa nashangilia tofali baya."

Kazi hii hakuiomba. Yeye na mumewe, Josephati, ni watu wa matofali. Wanayafyatua karibu na kijito na kuyachoma kwa kuni za miti iliyoanguka. Siku moja mwaka juzi walipeleka matofali thelathini kwa mkokoteni wa ng'ombe, na fundi Eliamini alikuwa akiyapanga na kuyapa namba.

Lukresia aliyagonga kwa kifundo cha kidole, moja baada ya jingine. Akafika la sita.

"Hili si la kwetu," akasema.

"Limetoka kwenye mkokoteni wenu, mama."

"Litoke, lisitoke, si la kwetu. Linalia kama chungu chenye ufa."

Ilionekana baadaye kuwa Josephati alipungukiwa tofali moja akaazima kwa jirani. Wiki iliyofuata Eliamini alimtuma mtu amwite. Alikuwa anatafuta msomaji wa vipimo, na mtu anayeweza kusema "hili si la kwetu" mbele ya mwenye kalamu alimfaa. Elimu yake ya darasa la nne haikuulizwa. Aliulizwa kama anaweza kusimama dakika kumi bila kuongea.

"Josephati alicheka mpaka akakaa chini," anasema.

Mwaka mzima ulikwenda vizuri, kwa matofali tu; jiwe la juu lilikuwa halijaletwa. Halafu, mwezi wa tano mwaka huu wa 1984, mshale ulianza kugoma.

Ulikuwa unapanda kama kawaida: digrii kumi na sita, ishirini na mbili, thelathini, thelathini na tano. Ukifika thelathini na tisa unasimama. Karibu nusu dakika haupandi wala haushuki. Kisha, kama mtu aliyekumbuka safari, unaendelea.

Kwenye karatasi ya mistari iliyobanana, nukta hazikunyooka tena. Zilipanda, zikalala, zikapanda. Na tofali lililopimwa leo, likirudiwa keshokutwa kwenye tundu lilelile, lilitoa mstari mwingine kabisa.

Lukresia aliandika alichokiona. Hakuambiwa aandike kingine.

Ijumaa moja Eliamini aliyatandaza makaratasi juu ya meza, akayatazama kwa muda mrefu.

"Mama Piusi," akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "Jumatano ulikuwa unaumwa?"

"Siumwi."

"Ulisinzia?"

"Nisinzie nimesimama?"

"Punda anasinzia amesimama," alisema Lembris kutoka mlangoni.

"Mzee, wewe kaa na fimbo yako."

Eliamini hakucheka. Alirudi Arusha na makaratasi, akayatuma Dar es Salaam kwa wakubwa wa mradi. Majibu yalikuja mwezi wa sita. Eliamini hakutaka kumsomea Lukresia, lakini mama alisimama mbele yake na hakuondoka, basi akasoma. Barua ilisema vipimo vya Karatu haviwezekani. Ilisema msomaji ama hayuko makini, ama anajaza namba za kubuni. Ilisema atafutwe mwingine kabla ya Julai kwisha.

Neno lililomwuma ni hilo la kubuni.

"Ningekuwa nabuni, ningebuni mstari ulionyooka," anasema, na mpaka leo sauti inampanda. "Mstari ulionyooka naujua, nimeuona mwaka mzima. Nani anakaa chini anabuni kitu kibovu?"

Lakini njiani kurudi Endamarariek alianza kujishuku. Labda macho. Labda kweli anasinzia bila kujua. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, na mama yake aliacha kuona vizuri akiwa na arobaini.

Akaanza kutafuta. Aliipeleka ile saa ya kubonyeza kwa jirani mwenye redio, akaipima na milio ya saa kabla ya taarifa ya habari. Saa ilikuwa sawa. Alimwomba Lembris asimame nyuma yake na kugonga fimbo chini kila akimwona anafumba macho. Lembris aligonga mara mbili, na mara zote mbili, anasema Lukresia, ilikuwa ni nzi.

Eliamini naye alitafuta kwake. Alisoma mita mwenyewe, Lukresia akiwa ametoka nje kabisa. Mshale ukagoma palepale, thelathini na tisa. Basi angalau mama hakuwa mwongo.

Lakini hilo lilizidisha giza. Akabadilisha betri. Ukagoma. Akaanika matofali wiki nzima juu ya mabati akidhani yana maji. Ukagoma. Wakaacha tofali la kuchoma, wakadunga la udongo. Ukagoma. Wakadunga lile jiwe jepesi la juu, ambalo halijawahi kuona tanuru wala mkono wa Josephati.

Thelathini na tisa.

"Nilichanganyikiwa," anakiri Eliamini bila kuficha. "Nilisoma chuo miaka mitatu. Kila kitu kina tabia yake. Udongo, tofali na jiwe haviwezi kukubaliana kugoma digrii moja kama wafanyakazi wenye chama. Nikasema basi ni betri. Betri zote mbili ni mbovu, tumenunua mahali pamoja. Nikaanza kuandika barua hiyo."

Lembris alikuwa na maelezo yake, rahisi zaidi. "Mawe yamechoka kuchomwa sindano," alisema. "Hata ng'ombe wa chanjo akikuona mara ya pili anagoma."

Jumatatu ya pili ya mwezi wa saba kulikuwa na baridi ambayo Lukresia anaikumbuka kwenye vidole. Alikuwa anatayarisha tofali.

Tundu likishatobolewa kwa keekee, linajazwa grisi kabla ya kuingiza sindano, ili chuma na tofali vishikane na hewa isibaki katikati. Asubuhi hiyo kilichokuwa kwenye kopo la grisi kilikuwa kimeganda kama mshumaa. Akaliweka kopo juu ya jiko la mkaa, akawa anakoroga kwa kidole, kama anavyofanya jikoni kwake.

Kikaanza kulainika. Kikawa maji pembeni, katikati likabaki donge jeupe. Kidole kilikuwa ndani na hakikuungua. Mkaa ulikuwa mwekundu, kopo limekaa pale muda wote, na kidole hakiungui. Donge likazidi kuwa dogo. Likaisha. Papo hapo akakichomoa kidole na kukitia mdomoni.

"Jambo hilo nalijua tangu mtoto," anasema. "Mafuta yakiwa na donge hayaunguzi. Yakiisha donge, ukimbie. Kila mwanamke anajua. Lakini siku hiyo nilisimama na kidole mdomoni, nikaona ule mshale."

Aliliacha kopo lipoe mpaka mafuta yakaganda tena. Akalirudisha juu ya jiko, akazamisha ndani yake ule waya wa mita unaopima joto. Digrii zikapanda. Zilipofika thelathini na tisa zikasimama. Zikakaa mpaka donge lilipoyeyuka. Zikaendelea.

Lukresia akakaa chini juu ya gunia.

Maana kilichokuwa kwenye kopo la grisi hakikuwa grisi.

Grisi ya mradi iliisha mwishoni mwa mwezi wa nne. Mambo yenyewe ya mwaka huu kila mtu anayajua: sabuni hakuna, mafuta ya taa kwa foleni, na grisi ukiuliza dukani Karatu wanakutazama kama umeomba ndege. Wakati huohuo ile keekee nyembamba ilivunjika, wakabaki na nene, matundu yakawa makubwa na yanataka kujazwa zaidi. Lembris alikuwa na mafuta ya mkia wa kondoo aliyoletewa na ndugu zake wa Nainokanoka kwa ajili ya magoti yake. Lukresia akamwomba nusu. Akaliosha lile kopo, akayatia humo. Hakumwambia mtu.

Si kwamba alificha. Haikumjia kwamba ni jambo la kusema.

"Bibi yangu alikuwa na sketi ya ngozi, ile ya shanga, akiipaka mafuta ya kondoo kila mwaka. Mlango ukilia tunapaka mafuta ya kondoo. Ekseli ya mkokoteni, mafuta ya kondoo," anasema. "Kwetu kitu kikikwaruzana unapaka, basi. Huandiki barua."

Kwa hiyo siku ile ya Jumatatu alijua mambo mawili kwa mara moja. Alijua kwa nini mshale unagoma: joto la sindano lilikuwa linaishia kwenye kuyeyusha mafuta, na halikubaki la kupandisha mshale mpaka yayeyuke yote. Na alijua kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Vipimo arobaini na kimoja.

Kibaya zaidi, alikuwa ameshasafishwa. Eliamini alikuwa tayari na barua ya betri. Akinyamaza, msomaji hana kosa, kazi anayo, namba mbaya zinabebwa na betri. Angeweza kutafuta grisi mahali polepole, na mshale ungepona wenyewe, na hakuna ambaye angeuliza.

Alimwuliza Lembris, kwa kuwa mafuta yalikuwa yake.

Mzee alifikiri kidogo. "Yeyo," akasema, "betri haina watoto. Iache ibebe."

Lukresia alikwenda nyumbani. Anasema hakuwaza mambo makubwa ya dhambi na haki. Aliwaza kitu kidogo. Barua ikishasema betri, Dar watatuma betri. Zitakuja betri mpya, na mambo yakikaa sawa, watu wenye elimu zao wataandika mahali kwamba betri mbovu inafanya joto lisimame kwenye thelathini na tisa. Na huo ungekuwa uongo, na wa kwanza kuujua ni yeye.

"Walisema nabuni. Nilikuwa sijabuni," anasema. "Nikinyamaza, ndiyo ninaanza."

Jumanne Eliamini alipoingia ghalani alikuta jiko limewashwa, kopo liko juu yake, na waya wa mita uko ndani ya kopo.

"Soma, Bwana Eliamini," mama akamwambia.

"Hiki ni nini?"

"Wewe soma tu."

Akasoma. "Thelathini na nne. Thelathini na saba. Thelathini na nane. Thelathini na tisa." Akangoja. "Thelathini na tisa." Akainama kuutazama mshale karibu. "Thelathini na tisa. Mama Piusi, hii ni grisi ya namna gani?"

"Siyo grisi."

Akamweleza. Hakuanza na keekee wala na uhaba. Alianza na "nilitia mafuta ya kondoo" halafu akaeleza mengine.

Eliamini alitoka nje. Lembris, aliyekuwa anachungulia, anasema fundi aliizunguka Landrova mara mbili, akapiga teke tairi la nyuma, akarudi.

"Vipimo vingapi?"

"Arobaini na kimoja."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na matofali yenyewe yameshanyonya mafuta. Hayafai tena."

"Hayafai."

Fundi akaliinamia kopo, akanusa. Kisha fundi akasema, "Na mimi kila nikiingia humu nasikia harufu ya mchuzi. Nikajua ni mzee Lembris."

"Mimi?" alisema Lembris. "Mimi nanuka mchuzi?"

Mzee alinuna siku tatu. Lukresia anasema hizo ndizo siku tatu pekee ambazo hapakuwa na mtu wa kukohoa.

Eliamini hakumfukuza, na ukimwuliza kwa nini, anajibu kwa mkato. "Nilitaka kumfukuza. Nilikuwa na barua ya kuniruhusu. Lakini nilijiuliza nimfukuze kwa lipi. Nilimfundisha kubonyeza saa, kusoma mita, kuandika. Kuhusu grisi nilimwambia 'jaza grisi.' Sikumwambia ni ya nini. Na kosa lenyewe mimi sikuligundua, wakubwa Dar hawakuligundua. Amelileta yeye, kwa mikono yake mwenyewe."

Aliichana barua ya betri. Akaandika nyingine, ya kurasa mbili, yenye kopo, kondoo na kila kitu. Iliondoka Karatu katikati ya mwezi wa saba. Leo ni wiki ya tano na jibu halijaja. Ile amri ya kutafuta msomaji mwingine haijafutwa, wala haijatekelezwa. Lukresia anakwenda kazini kila asubuhi bila kujua kama bado ana kazi.

"Nikiona Landrova namtazama Eliamini usoni kabla sijamwamkia," anasema. "Simwulizi. Naye hasemi."

Grisi ilipatikana Arusha kwa fundi mmoja wa matrekta, robo kopo, baada ya kumbembeleza. Matofali mapya yakafyatuliwa, na lile jiwe jepesi likaletwa tena kutoka juu kwa punda. Msingi wa nyumba ya akina mama unatakiwa uchimbwe kabla ya mvua za vuli, na hauwezi kuchimbwa kabla daftari halijasema ukuta ni wa nini. Amesharudia vipimo kumi na saba. Bado ishirini na vinne.

Mistari imenyooka. Hapo mtu angetegemea mama apumue.

Badala yake amepata tatizo la pili. Mistari ilivyonyooka, inasema jambo ambalo lilikuwa limefichwa na mafuta yote yale: jiwe jepesi la Nainokanoka linalishinda tofali la Josephati. Halilishindi kidogo. Sindano ndani ya jiwe inapanda kwa kasi karibu mara mbili. Tofali la kwao linakunywa joto.

Nyumba hiyo inataka matofali elfu tisa. Josephati alikuwa ameshakusanya kuni.

"Tofali langu linasemaje?" alimwuliza mkewe jioni moja wakila.

"Linakunywa."

"Linakunywa kiasi gani?"

"Kama wewe siku ya mnada."

Josephati alicheka, halafu akaacha kucheka. "Si wewe ndiye unayeandika?"

"Ndiye mimi."

Josephati ni mtu mpole, anasema mkewe, na hakurudia swali hilo. Lakini Lukresia alilielewa, na analieleza waziwazi akiwa ameshika penseli. "Nimeshaitwa mwongo mara moja bure. Sitaki niitwe kwa haki."

Basi namba anaziandika kama zilivyo, na kila akimaliza ukurasa anarudi Endamarariek kulala nyumba moja na mtu ambaye namba hizo zinamnyang'anya kazi. Anajisikiaje? Hajui. Siku nyingine anamwonea huruma mumewe, siku nyingine anawaonea huruma watoto wa kule juu, na siku nyingine, anasema, analionea huruma tofali, maana lenyewe halina kosa.

Kuna kitu kimoja lakini amekigundua, na hicho anakisema akiwa ameshusha sauti kama anaiba. Ameligeuzageuza lile jiwe jepesi na kulitazama vitundu vyake. Anaamini vitundu ndivyo vinavyokataa joto. Sasa huu ni msimu wa kuvuna ngano Karatu, na makapi yamejaa kila shamba, yanachomwa moto ovyo. Vipi kama udongo wa tofali ukichanganywa na makapi? Ndani ya tanuru makapi yataungua, na mahali yalipokuwa patabaki vitundu.

Josephati alisema matofali hayo yatavunjika kama mkate. Lakini alimsaidia kuyafyatua. Wametengeneza sita. Yapo nyuma ya nyumba, chini ya majani makavu ya mahindi, yakisubiri tanuru. Lukresia anayapitia kila asubuhi kabla ya kuondoka, anayagusa kwa kifundo cha kidole, ingawa anajua tofali bichi halisemi kitu.

Ghalani pia mambo mawili yamebadilika. Kopo limeandikwa kwa msumari, herufi kubwa zilizopinda: GRISI TU. Na kwenye daftari, pembeni ya nafasi ya digrii, mama amechora mstari kwa rula na kujiwekea nafasi nyingine. Juu yake ameandika: Nilichobadilisha. Siku nyingi anaandika hapo "hakuna". Jana ameandika: "Mzee Lembris alipiga chafya, nikatikisika, sekunde ya arobaini."

"Ananisemea mpaka chafya," analalamika Lembris. "Dar es Salaam wote watajua."

Mpango wake haufiki mbali. Anataka amalize vile ishirini na vinne vilivyobaki, mvua haijaja. Kisha anataka kipimo kimoja zaidi, cha arobaini na mbili, ambacho hakimo kwenye orodha ya mradi. Ameshamwomba Eliamini, na Eliamini amekubali kwa kutikisa kichwa tu, bila kuandika mahali. Ni cha tofali la makapi.

Je, sindano itapanda ndani yake, au italala? Lukresia anainua mabega. Anafunga daftari, anavua kanga moja kwa kuwa ukungu umeanza kukatika, na anachukua tofali jingine kuliweka mezani.

"Sijui," anasema. "Kweli sijui. Barua ikija ikasema niondoke, nitaondoka, sitabishana. Lakini isije kabla ya tofali hilo."

Halafu anamgeukia mlinzi. "Mzee, unakohoa au hukohoi? Nataka kuanza."